Mpaka Iguse Mstari

Nyumbani kwa Profesa kulikuwa na swali lililoulizwa kila jioni kabla hata hajavua viatu: "Imegusa?" Mgeni angedhani wanaulizia gari lililokwaruza ukuta. Muulizaji alikuwa dada yake mkubwa, msusi wa nywele, ambaye kochi la sebuleni lilikuwa kitanda chake, kabati lake na ofisi yake. Profesa alijibu yale yale ya jana, kwamba bado, avute subira kidogo, kisha akaenda zake kukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, maana kochi lilikuwa na mwenyewe.

Tuelewane kwanza kuhusu huo uprofesa. Haukutoka chuo chochote. Alikuwa karani wa stoo katika kampuni moja ya nguo, kazi yake kupokea mzigo unaorudi kutoka madukani, na jina alibandikwa na dereva wa lori la kampuni, mtu wa maneno mengi ambaye wenzake walimwita Rudisha. Profesa alikuwa amehudhuria semina ya Jumamosi moja kuhusu soko la hisa, akarudi Jumatatu na kalamu ya bure na elimu ya kutisha. Alipoanza kuwahubiria wapakuaji juu ya wastani wa bei, Rudisha alivua kofia akasema, "Shikamoo Profesa," na jina likaganda hapo hapo.

Mwenye semina, bwana mmoja aliyevaa suti iliyombana mabega, alikuwa amewafundisha kwamba bei ya hisa ya leo ni umbea tu. Ukitaka thamani yenyewe, chukua bei ambazo soko limefungia kwa siku mia mbili, zijumlishe, zigawe. Kesho yake unatupa ile ya zamani kuliko zote, unaingiza ya leo, unapiga hesabu upya. Majibu hayo ukiyaunganisha yanakupa mstari, na mstari hauna haraka, kwa hiyo haudanganyiki. Bei ikiwa juu ya mstari, hisa ina nguvu. Ikiwa chini, hisa ni rahisi. Profesa alikuwa mtu wa kusitasita tangu utotoni, mtu wa kusimama dukani nusu saa akichagua sabuni, na siku hiyo kusitasita kwake kulipata jina la heshima. Kuliitwa uchambuzi.

Hisa zenyewe zilikuwa za mama yao. Mama alishona kola za mashati katika kampuni ile ile mpaka vidole vikakataa kunyooka, na kampuni ilipoingia sokoni wafanyakazi wa zamani waligawiwa hisa kama shukrani. Alipofariki aliwaachia watoto wake wawili, hati moja yenye majina mawili, na sharti kwamba haziuzwi bila saini za wote. Alidhani anawafunga pamoja ili wasije wakagombana. Kuwafunga aliwafunga kweli.

Dada alirudi kutoka kwa mumewe akiwa na begi moja na boksi la vitana, na hakutaka kusimulia yaliyompata huko. Alichotaka ni kitu kimoja: sehemu yake ya hisa iuzwe, afungue saluni, apate mlango wa kufunga na kufungua mwenyewe. Wakati huo bei ilikuwa juu, mbali kabisa na mstari. Profesa alimwonea huruma kweli, lakini akamweleza kwa upole kwamba hisa iliyo juu ya mstari wake wa siku mia mbili ina nguvu, na mtu mwenye akili zake hauzi kitu chenye nguvu. Dada akakubali. Akatandika shuka kwenye kochi, akasema ni miezi michache tu.

Miezi michache ikapita na bei ikaanza kuteremka. Ilipopita mstari na kwenda chini yake, dada alimkalia kooni tena. Profesa akamweleza, bado kwa upole, kwamba sasa hisa ni rahisi, na kuuza kitu wakati ni rahisi ni kumtajirisha anayenunua.

"Ngoja nielewe," dada alisema. "Ikiwa juu huuzi kwa sababu ina nguvu. Ikiwa chini huuzi kwa sababu ni rahisi. Sasa inauzwa lini, mdogo wangu?"

Profesa aliona ni swali la haki, akalijibu kwa moyo mweupe. "Ikirudi ikagusa mstari. Hapo itakuwa imefikia thamani yake. Siku hiyo hiyo nasaini."

Mke wa Profesa alikuwa akipepeta mchele pale pale sebuleni, akayasikia maneno yote. Kwa kawaida mtu na wifi yake wakikaa jiko moja, sufuria ndizo zinazoumia. Hawa wawili walikuwa kinyume. Walikuwa wamechoshwa na kitu kimoja, na kilikuwa kimekaa kwenye kiti cha plastiki. Mke alichoka kujifunga kanga mpaka shingoni ili aende bafuni asubuhi mteja wa wifi akiwa ameshafika. Dada alichoka kukunja maisha yake kila alfajiri na kuyasukuma chini ya kochi. Basi wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe, na kumuuliza yeye, kama bei imegusa. Neno likawa la nyumba nzima.

Kazini nako mambo hayakuwa mazuri, ila Profesa alijitia hamnazo. Kampuni iliendelea kushona suruali za kitambaa zenye marinda mbele, zile za kuvaliwa ofisini na mkanda mpana, na mashati yenye kola ngumu kama kadibodi. Watu walikuwa wameacha kuzivaa. Hata mkurugenzi aliyekuja kukagua stoo alikuja na fulana. Lori la Rudisha liliondoka na maboksi likarudi na maboksi, na kila lililorudi Profesa alilikagua, akaligonga muhuri, akalipanga. Zamani njia za stoo zilipitisha mikokoteni miwili ikipishana. Baadaye ukapita mmoja. Baadaye mikokoteni ikaachwa nje na wapakuaji wakawa wanabeba kichwani, wakitembea ubavu kama kaa.

Rudisha alimuuliza siku moja, akiwa ameegemea rundo la marinda lililofika darini, kwamba mstari unasemaje kuhusu haya. Profesa akamjibu kwamba mzigo wa kurudi ni mambo ya msimu tu, mstari unaangalia mbali zaidi. Akasema hayo amesimama mahali ambapo hakuweza kunyoosha mikono. Kisha saa ya chakula akajipenyeza mpaka kwenye kompyuta ya stoo, akaingiza bei ya jana, akatupa ile ya zamani, akatazama mstari wake umelala pale kwenye kioo, mtulivu. Mstari ule ulimpa amani ambayo maboksi yalimnyima. Ndiyo maana aliupenda.

Halafu ikagusa.

Ilikuwa siku ya kawaida katikati ya juma. Aliingiza bei, akapiga hesabu, akakuta bei na mstari vimekaa mahali pamoja. Angepaswa kufurahi. Badala yake alirudia hesabu mara mbili, kwa sababu bei haikuwa imepanda hata kidogo. Mstari ndio ulioshuka. Siku zile nzuri za zamani zilikuwa zimetupwa moja moja, zikaingizwa hizi mbovu, na wastani ukateremka taratibu mpaka ukaifuata bei huko chini ilikokuwa imelala. Aliyoyaahidi yalikuwa yametimia neno kwa neno, na kwa bei hiyo sehemu ya dada isingetosha saluni aliyoitaka mwanzoni, ingetosha kijichumba tu.

Jioni dada aliuliza kama kawaida. Profesa hakuwa hodari wa uongo. Alisema, "Imegusa. Lakini."

Mke alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Lakini nini?"

Akawaeleza. Kwamba kugusa kwenyewe si kule alikokusudia, kwamba bei ndiyo ilitakiwa kuufuata mstari na si mstari kuifuata bei, na kwamba amefikiri akaona siku mia mbili ni muda mfupi mno kwa mambo ya nguo, maana nguo zina misimu na mitindo huenda na kurudi. Kwa kampuni ya nguo kipimo sahihi ni wiki mia mbili. Mstari huo ameshauchora, uko juu, bado una zile bei nzuri ndani yake, na bei ikija kuugusa huo, hakuna mjadala.

Dada alikuwa na kitana mkononi, akawa anakichomoa nywele zilizonasa, moja baada ya nyingine. Kisha akauliza wiki mia mbili ni miaka mingapi.

"Karibu minne," Profesa alisema.

Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuuma kuliko kugombezwa. Walimwekea chakula, wakamfunikia, wakaenda kukaa barazani wao wawili. Alikula peke yake akijiambia kwamba wanawake hawa hawajui soko. Moyoni alijua kwamba soko halikuhusika. Kila siku aliyochelewa ilimuongezea deni la kueleza. Kama angesaini leo angekuwa anamwambia dada yake, kwa kalamu, kwamba ile siku ya kwanza alipomzuia alimnyang'anya saluni. Ilikuwa rahisi zaidi kusubiri bei irudi, kwa sababu ikirudi hakuna atakayekumbuka. Aliogopa. Ndiyo hiyo tu, na wastani wote ule ulikuwa blanketi la kufunikia woga.

Mwaka uliofuata dada alipata chumba. Kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa na mlango wa barabarani na bomba ndani, na ng'ambo yake kulikuwa na bweni la wasichana, kwa hiyo vichwa vya kusuka visingekosekana. Mwenye nyumba, mama mmoja mjane, alikuwa mteja wake. Alimwambia atamshikia mpaka mwisho wa mwezi bila kumdai kitu, kwa sababu hajawahi kusukwa na mtu mwenye mkono mwepesi namna ile. Dada alipiga hesabu upya kwa bei mpya, ya chini zaidi, akaona kwa kujibana inatosha. Alikwenda mwenyewe kwa dalali wa hisa, akaleta fomu ya kuuza, saini yake ikiwa tayari imeshawekwa, akaiweka juu ya goti la mdogo wake.

"Sikuombi ile ya mwanzo," alimwambia. "Naomba hii iliyobaki."

Profesa aliishika fomu kama kaa la moto. Alimuomba wiki mbili. Alisema kuna dalili, bei imetulia, huenda inajiandaa kupanda. Dada alimtazama usoni akasema sawa, mwisho wa mwezi haujafika. Tangu siku hiyo aliacha kuuliza kama imegusa. Aliuliza, "Umesaini?"

Katika wiki hizo mbili ndipo ilipokuja amri ya kantini. Stoo ilikuwa imejaa pomoni, hata mlango wa dharura hauonekani. Meneja alikuja, akatazama, akajikuna kidevu, akaamuru meza za kantini zitolewe na maboksi yaingizwe humo. Wapakuaji walibeba meza nje, wakazipanga juani. Saa ya chakula wafanyakazi walikula wamesimama, migongo ukutani, sahani mikononi, na hakuna aliyefanya mzaha, hata Rudisha. Profesa alikaa mlangoni mwa kantini akigonga mihuri. Suruali za marinda, saizi zote. Aligonga mpaka kiganja kikafa ganzi.

Siku hiyo alipata akili. Nasema alipata kwa sababu ni kweli, tumpe haki yake. Alitoka kazini akiwa amekata shauri, na njia nzima alikuwa akiyapanga maneno: dada, lete kalamu. Yalikuwa maneno matatu tu. Alipofika mlangoni alimkuta dada amepiga magoti sakafuni, anapima kochi lile lile kwa futi ya kushonea, anamwuliza wifi yake kama litapita kwenye mlango wa chumba kipya. Wifi alikuwa amesema alichukue, wao watatafuta jingine. Walikuwa wanacheka. Dada aliinua uso akamuuliza kama amesaini, na uso ule ulikuwa na matumaini mengi kiasi kwamba Profesa aliona akisema sasa hivi, kesho yake ataanza kuulizwa: kwa nini leo na si jana, kwa nini si mwaka jana, kwa nini si siku ile ya kwanza. Maneno matatu yakamkwama.

"Bado," alisema. "Ijumaa."

Alhamisi asubuhi kompyuta ya stoo haikuonyesha bei. Profesa alidhani ni mtandao. Akajaribu tena, akajaribu tena, mpaka Rudisha akapenyeza kichwa kati ya maboksi na kumwambia aache kuitesa hiyo mashine, redio ya lori imeshatangaza. Kampuni imeshindwa kuwalipa wenye kuidai, na soko limesimamisha hisa zake. Rudisha alisema hayo kwa sauti ya chini, bila kumwita Profesa.

Hakuomba ruhusa. Alijichomoa katikati ya maboksi, akapasua mfuko wa shati kwenye kona ya moja, akaenda mbio mpaka kwa dalali na fomu mkononi, ile aliyokuwa akitembea nayo tangu siku aliyopewa. Alisaini pale pale kaunta, wima, kwa ile kalamu ya semina, saini nzuri iliyonyooka. Binti wa kaunta aliisoma fomu yote kwa adabu kabla ya kuirudisha.

"Baba, hizi zimesimamishwa tangu asubuhi," alisema. "Haziuzwi wala hazinunuliwi."

Profesa akauliza mpaka lini. Binti akasema mpaka watakapotangaza. Akauliza basi thamani yake kwa sasa ni ipi, na binti, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akamgeuzia kioo cha kompyuta yake aone. Bei ya jana ilikuwa pale. Binti akasema ipo, ila hakuna wa kuilipa. Nyuma yake foleni ilikuwa imeanza kurefuka, na baadhi ya nyuso alizijua, washonaji wa kola wa zamani, wenzake marehemu mama. Alipita katikati yao ameinamisha kichwa.

Nyumbani alisimama mlangoni asijue pa kuweka mikono. Dada alikuwa amekaa kochini, anachambua nywele za bandia, na wifi yake anamsaidia. Profesa aliwaeleza yote kuanzia kompyuta mpaka kaunta, akampa dada fomu, akamwambia amesaini. Dada aliitazama saini ile, kisha akaiweka kando polepole. Mke alishika kichwa.

"Huko stoo," dada alisema, "kazi yako si ndiyo kupokea zilizorudi?"

"Ndiyo."

"Zimeanza kurudi kwa wingi lini?"

Profesa alisema tangu mwaka juzi. Dada akauliza kama kuna boksi lolote lililopita bila yeye kuliona. Akasema hakuna, yote aliyagonga muhuri yeye.

"Kwa hiyo ulijua."

Alikuwa na la kusema. Angeweza kusema kwamba mstari ulikuwa bado uko juu, kwamba wiki mia mbili ni kipimo kinachoheshimika, kwamba wapo wasomi wanaokitumia. Yalimjia yote mdomoni na yote yalikuwa na ladha ya majivu.

"Nilijua, dada."

Dada hakulia. Alichukua simu yake, akabonyeza, akasikiliza mpaka ikaanza kuita, kisha akamnyooshea. Profesa aliuliza ni nani. Dada akamwambia ni mwenye chumba, anasubiri jibu, na yeye hana maneno ya kumpa. Simu ilipokelewa kabla hajajiandaa. Sauti ya yule mama ilikuwa changamfu, ikauliza vipi, mbona kimya, funguo ziko mezani.

Wanawake wawili walikuwa wakimtazama. Profesa alisimama pale katikati ya sebule, mfuko wa shati umening'inia, akatafuta namna ya kulieleza jambo lile bila mstari ndani yake.

"Mpangishe mwingine, mama," alisema. "Dada yangu hatakuja. Mimi ndiye niliyemzuia."

Mwenye nyumba akauliza kama dada mwenyewe yupo hapo karibu, aongee naye. Profesa akamrudishia simu, akatoka kwenda kusimama nje.